Tukimsomesha, Je, Atatuacha?

Somo la kikundi: kuwafunza wafanyakazi wetu na kuwafanya wapende kubaki



Katika mikutano ya vikundi ninayohudhuria huku kwetu Kisii na Nyamira, kuna neno moja ambalo nimelisikia mara nyingi mno. Kikundi kina mradi wake: mashine ya posho, maziwa, maji, au shule ya nasari. Mradi una mfanyakazi mmoja au wawili. Siku moja barua inafika kwamba kuna semina au kozi mahali fulani. Katibu anaisoma. Halafu mzee mmoja anainuka, anaegemea fimbo yake, anasema: "Huyu kijana tukimsomesha, ataenda." Watu wanaitikia kwa kichwa. Barua inawekwa chini ya zile nyingine, na mkutano unaendelea na mambo mengine.

Simlaumu huyo mzee. Anajua anachosema. Ameona watoto waliochangiwa harambee wakapanda basi la Nairobi na wasirudi hata Krismasi. Lakini neno lake ni nusu ya ukweli tu. Nusu iliyobaki ndiyo somo letu la leo.

Mtu mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize. Mkifika kwenye maswali mwisho, msimame muongee. Kama muda hautoshi, lisomeni kwa mikutano miwili.

KISA CHA MASHINE ILIYOFUNGWA

Kikundi kimoja cha akina mama upande wa Nyamira kilinunua mashine ya posho kwa jasho lao. Walichanga kidogo kidogo kutoka kwa majani chai na ndizi, miaka mitatu. Wakamwajiri kijana wa hapo kijijini. Alikuwa mwaminifu, hakuiba hata gorogoro moja ya unga. Wakaamua apelekwe kozi ya wiki mbili kujifunza kutunza injini, na kikundi kikalipa.

Kabla hajarudi, kamati ilinijia na swali: tufanye nini asituponyoke? Hapo ndipo mimi nilikosea. Niliwaambia, "Akirudi, kaeni na cheti chake. Bila karatasi hataenda mbali." Walinisikiliza. Cheti kikawekwa katika sanduku la bati pamoja na kitabu cha miniti na muhuri wa kikundi, kikafungiwa kufuli.

Miezi saba baadaye kijana aliondoka. Aliondoka bila cheti.

Kikundi kikachukua kijana mwingine ambaye hakufundishwa chochote. Hakujua kuangalia oili asubuhi. Siku moja injini ikashika, ikanyamaza. Mashine ilifungwa karibu mwezi mzima wakitafuta fundi na pesa za vipuri. Akina mama wakarudia ile kazi waliyodhani wameiacha, kubeba debe la mahindi kichwani, kuvuka mto, kupanda mlima wa pili, na kurudi jioni watoto wakiwa wamelala njaa. Baada ya hapo kamati ilipitisha azimio, wakaliandika: "Hakuna mtu wa kikundi hiki atapelekwa kozi tena."

Mwaka uliofuata nilikutana na yule kijana kwenye steji ya Keroka. Alikuwa anapakia mawe kwenye lori. Nikamuuliza, "Kwa nini uliwaacha akina mama? Ni pesa?"

Akaniambia, "Mwalimu, si pesa peke yake. Nilirudi kutoka kozi nikijua kusikiliza injini. Nikawaambia beringi imeanza kulia, ibadilishwe kabla haijaharibu kitu kingine. Nikaulizwa, tangu lini wewe umekuwa injinia? Spana zikaendelea kufungiwa nyumbani kwa mwekahazina. Nikaona hapa nitakuwa yule yule wa kumwaga mahindi kwenye mashine mpaka nizeeke. Na cheti changu mlikaa nacho. Sasa nikienda kuomba kazi ya injini naulizwa karatasi, sina."

Sikuwa na jibu. Nilirudi kwa kamati nikawaeleza kwamba shauri langu lilikuwa baya, wampe kijana cheti chake. Ilichukua mikutano mitatu. Mwishowe mama mmoja alikipeleka mwenyewe nyumbani kwao, amekifunga ndani ya leso.

Tuone basi tulipoteza nini. Kijana alipoteza zaidi ya mwaka mmoja wa maisha yake. Kikundi kilipoteza fundi, injini, na moyo wa kusomesha wengine. Na cheti kilichofungiwa hakikumzuia hata siku moja.

KWA NINI WATU HUONDOKA?

Tangu siku hiyo, kila ninapokutana na mtu aliyeacha kazi ya kikundi humuuliza sababu. Mshahara hutajwa, ni kweli. Mtu ana watoto, na shamba la kwetu ni dogo, haliwezi kumlisha. Lakini pamoja na mshahara nasikia haya:

(a) "Sikujua kesho yangu." Haoni hatua inayofuata. Leo ni karani, mwaka kesho karani, mwaka wa kumi karani.

(b) "Nilijifunza kitu, sikuruhusiwa kukifanya." Huyu ni kama yule kijana wa mashine.

(c) "Hakuna aliyenishukuru wala kuniuliza chochote." Kamati humwita siku ya makosa tu.

(d) "Mapatano hayakuandikwa." Aliahidiwa nyongeza kwa mdomo, viongozi wakabadilika, ahadi ikasahaulika.

(e) "Nilikuwa peke yangu." Hawezi kuugua, hawezi kwenda matanga, hawezi kupumzika, kwa sababu hakuna mwingine anayejua kazi.

Angalieni vizuri. Katika hayo matano, hakuna aliyesema, "Niliondoka kwa sababu nilifundishwa." Kozi haimfukuzi mtu. Kinachomfukuza ni kurudi kutoka kozi na kukuta mlango wa mbele umefungwa. Mtu aliyejifunza lazima aone mahali pa kukanyaga hatua ya pili. Asipopaona kwetu, atapatafuta kwingine.

Sisi Waswahili husema, mcheza kwao hutunzwa. Kijana wetu akicheza kwao bila kutunzwa, atakwenda kucheza ugenini.

TUFANYE HESABU

Wengine watasema, "Hayo ni maneno mazuri, lakini kikundi hakina pesa za kusomesha." Tuchukue kalamu. Hizi ni nambari za mfano tu, mweke zenu.

Tuseme mashine yenu, baada ya kulipa dizeli na mshahara, huacha faida ya shilingi 500 kwa siku. Mfanyakazi ameondoka, mpya ameharibu, mashine imefungwa siku 24 za kazi.

Faida iliyopotea: 500 mara 24 = shilingi 12,000.
Fundi wa mjini na vipuri: tuseme shilingi 9,000.
Wateja waliozoea mashine nyingine, faida ikashuka kwa shilingi 150 kwa siku, kwa siku 72: shilingi 10,800.
Jumla: shilingi 31,800.

Sasa upande wa pili. Kozi fupi, tuseme ada ni shilingi 6,000. Nauli na chakula 2,000. Nyongeza ya mshahara shilingi 1,000 kwa mwezi baada ya kozi, kwa mwaka mmoja, 12,000. Jumla: shilingi 20,000.

Tofauti ni shilingi 11,800. Kwa hiyo kikundi kinachosema hakina pesa za kusomesha, mara nyingi kinazilipa hizo pesa bila kujua, tena zaidi. Tofauti ni kwamba kinazilipa kwa fundi wa mjini.

MIFANO MIWILI KUTOKA NJE YA KIJIJI

Shida hii si ya vikundi vyetu tu. Hata serikali na mashirika makubwa wamekutana nayo, na tunaweza kujifunza kwao.

Mfano wa kwanza ni wauguzi. Kwa miaka mingi wauguzi wengi wa Kenya walikuwa na cheti tu, si diploma. Aliyetaka kupanda ngazi alilazimika kuacha kazi aende chuoni, na nafasi zilikuwa chache. Zahanati za vijijini ndizo zilizoumia, maana muuguzi akienda, mlango unafungwa. Mwaka 2005 shirika la AMREF, likishirikiana na Baraza la Wauguzi na Wizara ya Afya, lilianzisha mpango wa kuwapandisha wauguzi hao, ambao walikuwa zaidi ya 20,000 nchini, kwa masomo ya kompyuta. Muuguzi aliendelea kufanya kazi kituoni kwake huku akisoma. Hakuchagua kati ya kazi na kujiendeleza. Wagonjwa hawakuachwa, na muuguzi naye alipanda.

Tunajifunza nini? Mafunzo yasimtoe mtu kazini kwa muda mrefu kama kuna njia nyingine. Siku moja kwa wiki, au wiki mbili msimu ambao kazi ni kidogo, yaweza kutosha.

Mfano wa pili ni wahudumu wa afya wa vijijini. Serikali ilitoa mpango wa afya ya jamii mwaka 2006, na wahudumu wakafundishwa, hata huku kwetu. Walitembea nyumba kwa nyumba, mvua na jua, wengi wao bila malipo ya kueleweka. Wengi walichoka wakaacha, na kila aliyeacha aliondoka na mafunzo yake. Mnamo Septemba 2023 serikali iliwazindua upya, karibu 100,000 nchi nzima, kwa jina la wahamasishaji wa afya ya jamii. Safari hii walipewa mikoba yenye vifaa vya kazi, na ikakubaliwa wapate shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti.

Somo ni hili: mafunzo bila vifaa na bila malipo ni kama kumpa mtu mbegu bila jembe. Ukimfundisha mtu kupima, mpe kipimo. Ukimfundisha kutengeneza injini, mpe spana.

HATUA SITA ZA KUFUATA

Sasa tuje kwetu. Hata kikundi cha watu kumi na mfanyakazi mmoja kinaweza kufanya haya.

1. Andikeni ngazi ya kazi.

Wale mnaotoka upande wa Tabaka mnajua jinsi kazi ya mawe inavyojifunzwa. Wengi huanza kwa kusugua na kung'arisha kitu kilichochongwa na mwingine. Baadaye mtu anachonga kitu rahisi, kama kibakuli. Akiiva anachonga sanamu yake mwenyewe na kuwafundisha wadogo. Hakuna aliyeandika, lakini kila mmoja anaiona ngazi.

Kikundi nacho kiwe na ngazi yake. Kwa mradi wa maziwa, kwa mfano: ngazi ya kwanza, kupokea na kupima maziwa. Ya pili, kuandika vitabu na kulipa wanachama. Ya tatu, kusimamia mradi na kuongea na wanunuzi. Kila ngazi iandikwe: mtu ajue nini, apitie mafunzo gani, na mshahara uongezeke kiasi gani. Hata kama nyongeza ni shilingi 500, iandikwe. Mtu huvumilia kidogo cha leo akijua cha kesho.

2. Muulizeni mwenyewe.

Msimchagulie kozi kama mnavyomchagulia ng'ombe majani. Mwiteni, mketi naye, mumuulize: unataka kufika wapi baada ya miaka mitatu? Pengine atasema anataka kuwa fundi wa umeme, na nyinyi mna mashine ya dizeli. Ni afadhali mjue leo. Mtatafuta mafunzo yanayomfaa yeye na yanayofaa kikundi pia.

3. Chagueni mafunzo yanayotambulika.

Semina ya siku moja ni nzuri, lakini mtu anataka pia kitu atakachoonyesha. Zile shule za ufundi tulizoita village polytechnic, ambazo makanisa yalisaidia kuanzisha miaka ya 1960, sasa ni vituo vya mafunzo ya ufundi na ziko chini ya kaunti tangu ugatuzi wa 2013. Ulizeni kilicho karibu nanyi wanafundisha nini. Kisii mjini kuna Kisii National Polytechnic, ile ambayo wazee wanaikumbuka kama Gusii Institute of Technology, iliyojengwa kwa harambee ya watu wetu wenyewe.

Tena kuna mitihani ya ufundi ya NITA, ile watu huita gredi. Inaanza Gredi ya 3, inapanda ya 2, mpaka ya 1. Uzuri wake ni kwamba inapima mkono wa mtu, anachoweza kufanya, hivyo fundi aliyejifunzia kazini naye anaweza kupata cheti. Na angalieni, hiyo tayari ni ngazi. Kikundi kinaweza kusema: ukipita Gredi ya 3, mshahara unapanda kiasi hiki.

4. Andikeni mapatano ya haki.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi. Inampa pia mfanyakazi likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, yenye malipo. Vikundi vingi havijui haya, vinafikiri sheria ni ya makampuni tu. Mkiwa na shaka, muulizeni afisa wa leba.

Mkimlipia mtu kozi, mnaweza kukubaliana afanye kazi kwa muda fulani. Lakini iwe ya haki, na isainiwe kabla hajaenda, si baada ya kurudi. Kwa mfano: kikundi kimelipa shilingi 8,000, amekubali kufanya kazi miezi 12. Akiondoka baada ya miezi 9, imebaki miezi 3, yaani robo. Atarudisha robo ya pesa, shilingi 2,000, basi. Hakuna kugombana.

Na mapatano yawe na pande mbili. Yeye anaahidi miezi 12. Kikundi kinaahidi nini? Vifaa, nyongeza, na kazi inayolingana na alichojifunza. Kikundi kikivunja ahadi yake, kisimdai yeye. Cheti ni chake. Kisifungiwe katika sanduku la mtu yeyote. Hili nalisema kwa sababu nililikosea mimi mwenyewe.

5. Akirudi, apewe kazi mpya kabla ya siku 30.

Mkutano wa kwanza baada ya kozi, apewe nusu saa aeleze alichojifunza. Kamati imuulize: ni kitu gani kimoja tubadilishe? Kisha kibadilishwe. Akisema beringi inalia, muende mkaisikilize pamoja. Huyu mliyemsomesha kwa pesa yenu, mkimdharau mnadharau pesa yenu.

Wazee wetu, hapa naomba mnivumilie. Kwetu heshima ni kitu kikubwa, na kijana hamkosoi mzee hadharani. Ni vizuri. Lakini kumsikiliza kijana kuhusu injini hakumpunguzii mzee heshima. Mzee anabaki mzee wa boma, kijana awe mzee wa injini.

6. Afundishe mwingine.

Hii ndiyo hatua inayoondoa ile hofu ya "ataenda". Kidole kimoja hakivunji chawa. Kila anayesomeshwa na kikundi apewe mtu wa pili wa kumfundisha, na iandikwe katika mapatano. Baada ya miezi mitatu, kamati imjaribu huyo wa pili: mkuu apewe wiki moja ya mapumziko, na wa pili aendeshe kazi peke yake. Ikienda vizuri, mmefaulu. Ikishindikana, mmejua mapema, na mwalimu wake bado yuko.

Tena mtu anapofundisha mwenzake, yeye mwenyewe hupanda. Anaitwa mwalimu. Nimeona hilo jina likimshika mtu kazini kuliko nyongeza ya mia tano.

KIKUNDI CHA MAZIWA

Nawapa kisa kingine, cha upande wa Kisii. Kikundi cha maziwa kilikuwa na karani, msichana aliyemaliza kidato cha nne. Kamati iliandika ngazi tatu kama nilivyoeleza. Wakamlipia kozi ya hesabu, Jumamosi tu, ili asubuhi za siku nyingine apokee maziwa. Alipomaliza, mwekahazina alimkabidhi vitabu mbele ya mkutano. Halafu akaambiwa amfundishe mama mmoja mjane, mwanachama aliyeishia darasa la saba, kupima na kuandika.

Karani alikaa miaka minne. Katika hiyo miaka wanachama walilipwa tarehe tano ya kila mwezi, na waliamini kitabu. Kisha akaolewa mbali, akaondoka. Mwenyekiti aliniambia kwamba usiku wa kuamkia siku ile ya kwanza bila yeye hakulala vizuri. Alifika kituoni saa kumi na mbili asubuhi, akamkuta yule mama mjane ameshafungua, mizani iko mezani, amepokea mikebe sita tayari.

"Nilikuja kuokoa mradi," akasema, "nikaambiwa nisimame kwenye laini."

Ndugu zangu, hilo ndilo jaribio la kweli. Mafunzo mazuri humfanya mtu akae muda mrefu zaidi, na siku anapoondoka kazi haimfuati.

NA AKIENDA JE?

Wengine wataenda hata mkifanya yote haya. Kiwanda cha chai kitamwita, hospitali itamwita, Nairobi itamwita, au ataolewa. Msimlaani. Mpeni mkono, na mpeni barua inayosema alianza kazi lini, alifanya kazi gani, na ameondoka lini. Hiyo barua ni haki yake kisheria akiwa amefanya kazi angalau wiki nne mfululizo. Mwombeni abaki wiki mbili akabidhi kazi vizuri, na mfanye chai kidogo siku ya mwisho.

Kwa nini? Kwanza, anayebaki anaangalia. Akiona mwenzake ametukanwa, naye ataanza kutafuta njia ya usiku. Pili, aliyeondoka kwa amani hurudi. Atarudi na shauri, na mnunuzi, au yeye mwenyewe akistaafu. Yule aliyefukuzwa kwa maneno hata akipita barabarani hugeuza uso.

MWANGA WA IMANI

Fungueni Kitabu cha Kutoka, sura ya 18. Musa alikuwa anaamua mashauri ya watu wote peke yake tangu asubuhi mpaka jioni. Baba mkwe wake, Yethro, alimwona akamwambia kazi hiyo itamchosha yeye na watu pia. Akamshauri achague watu wanaofaa, awafundishe, awaweke wengine juu ya kumi, wengine hamsini, wengine mia, wengine elfu. Hiyo ni ngazi, tena imo katika Biblia.

Someni pia barua ya pili ya Mtakatifu Paulo kwa Timotheo, mwanzo wa sura ya 2. Paulo anamwagiza Timotheo ayakabidhi mafundisho kwa watu waaminifu ambao nao wataweza kuwafundisha wengine. Paulo hakuogopa kwamba Timotheo ataenda. Alimfundisha ili aende.

Naye Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1981 kuhusu kazi ya binadamu, alifundisha kwamba utu wa mfanyakazi unatangulia faida ya kazi. Kijana wa mashine ya posho si sehemu ya mashine. Mashine ilinunuliwa ili watu wakue, na yeye ni mmoja wa hao watu.

Wazee wetu walikuwa na risaga, majirani walioalikana kulima shamba la mmoja, kesho la mwingine. Hakuna aliyelia kwamba jasho lake limebaki katika shamba la jirani, kwa sababu alijua zamu itamfikia. Kumsomesha mtoto wa kikundi ni risaga pia. Mwaka huu tunalima kwake. Zamu yetu itakuja, kupitia kwake au kupitia kwa yule aliyemfundisha.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja mtu mmoja aliyeacha kazi katika kikundi chetu. Aliondoka kwa nini? Je, tulimuuliza mwenyewe, au tulisikia kwa watu?

2. Mfanyakazi wetu wa sasa akiugua wiki mbili kuanzia kesho, nani atafanya kazi yake?

3. Je, kuna kitu anachojua kufanya ambacho hatumruhusu? Kwa sababu gani?

4. Je, tuna cheti cha mtu yeyote katika sanduku letu? Tufanye nini?

5. Fanyeni ile hesabu kwa nambari zenu. Mfanyakazi wetu akiondoka leo, itatugharimu shilingi ngapi?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Watu watatu, mmoja wao awe kijana, wakae na mfanyakazi wenu saa moja. Waandike ngazi yake katika karatasi moja: yuko wapi, anataka kufika wapi, anahitaji mafunzo gani, na nani atakuwa mtu wa pili wa kufundishwa. Karatasi hiyo isomwe mbele ya wanachama wote na iingizwe katika miniti, ili viongozi wakibadilika ahadi ibaki.

Na ile barua ya kozi iliyo chini ya barua nyingine, itoeni. Angalieni tarehe. Pengine bado hamjachelewa.

Mungu awabariki katika kazi zenu.